Kosa namba 200: kama bado una programu ya Turbo Pascal dukani

Ikiwa una programu ya zamani iliyoandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inayokata roho mara tu unapoifungua, na kwenye skrini inabaki "Runtime error 200", usianze kupekua mahesabu yako. Mimi nilipekua siku mbili nzima, nami sipendi mtu mwingine azipoteze.

Ilikuwa kwa Ami mmoja wa Mji wa Kale, muuza kamba, rangi na pamba za kalafati. Mali yake yote ilihesabiwa na programu aliyoandikiwa na mpwawe miaka ya tisini kwa Turbo Pascal 7.0, ile ya Borland iliyotoka 1992. Kompyuta yenyewe ililiwa na hewa ya chumvi mpaka ikazima. Tukanunua Pentium III ya mtumba, tukahamisha folda nzima. Nikabonyeza Enter, na ile menyu ya buluu haikutokea. Mstari mmoja tu wa kosa.

"Mwanangu, na kamba zangu je?" Ami akaniuliza.

Kosa 200 maana yake ni kugawanya kwa sifuri. Basi nikatafuta kila penye mgawanyo, bei kwa pima, faida kwa kopo, nikaweka kinga kote. Nikakompaili upya, yaani nikayageuza maandishi ya msimbo kuwa programu. Kosa lilelile.

Kilichonifumbua macho ni programu tupu. Nawe iandike:

program Tupu;
uses Crt;
begin
end.

Haifanyi lolote. Iendeshe. Ikifa na kosa 200, futa mstari wa uses Crt, ujaribu tena. Ikipona, kosa si lako. Limo ndani ya yuniti ya Crt, kifurushi cha Turbo Pascal cha kushughulikia skrini na vitufe, na hutokea kabla begin yako haijafikiwa.

Crt inapoanza hujipima. Huzungusha kitanzi na kuhesabu mizunguko inayotimia katika pigo moja la saa ya kompyuta, kama milisekunde 55, kisha huigawanya kwa 55 ili Delay, amri ya kusubiri, ijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Hujipima hata kama hutumii Delay kabisa. Jibu linawekwa kwenye biti 16, na humo haiingii namba kubwa kuliko 65,535. Kwa hiyo mizunguko ikizidi milioni 3.6 hivi kwa pigo moja, jibu linafurika. Prosesa za Intel hutoa ishara moja kwa jibu lililofurika na kwa mgawanyo wa sifuri, ndipo Turbo Pascal ikakwambia sifuri wakati hakuna sifuri popote. Mashine za 1992 hazikuwa na kasi hiyo. Tatizo lilianza kuonekana zilipoingia prosesa za megahezi 200 hivi.

Nilipolielewa hilo moyo ulinitua. Yule mpwa aliandika kazi safi.

Kama una faili ya EXE (programu iliyokwisha kukompailiwa) peke yake bila msimbo, ziko programu ndogo za kuitia kiraka. Weka nakala kwanza. Au iendeshe ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani, na ikikataa punguza kasi kwa Ctrl na F11. Kwenye Windows ya biti 64 utahitaji DOSBox au mfano wake kwa vyovyote, maana programu za biti 16 haiziendeshi.

Mimi nilikuwa na msimbo, nikaitoa Crt. Programu ya Ami ilitumia vitu vichache: kufuta skrini, kusogeza kishale, kusoma kitufe, kusubiri kidogo. Niliandika yuniti yangu inayoiomba moja kwa moja BIOS, ile programu ya msingi iliyomo ndani ya kompyuta, kwa miito ya int 10h kwa skrini na int 16h kwa vitufe. Kwa kusubiri nilisoma kihesabio cha saa kilicho kwenye anwani ya kumbukumbu 0040:006C, kinachopanda mara 18.2 kwa sekunde, kompyuta iwe ya kasi yoyote. Rangi ya buluu ilipotea. Ami hakuiulizia.

Free Pascal, kompaila ya bure ya Pascal, nayo ni njia nzuri, ukikompaili kwa chaguo la -Mtp linaloifuata Turbo Pascal, lakini angalia faili za data. Aina ya Real, ya namba zenye desimali, katika Turbo Pascal ni baiti 6. Katika Free Pascal ni 8. Nilipoisoma faili ya Ami hivyo hivyo, rekodi ya kwanza ilitoka na jina sahihi, kopo la rangi nyeupe, na bei ya tarakimu kumi na mbili. Kila kilichofuata kilikuwa takataka. Kwa hiyo programu ya zamani ikishafufuka, iongezee kwanza utaratibu mfupi wa kuandika kila kitu kwenye faili ya maandishi matupu, mstari mmoja kwa bidhaa moja. Hiyo itasomeka popote.

Tuliichapisha faili hiyo, kurasa kumi na moja. Ami akavaa miwani, akashika kalamu, akaanza na kamba ya katani, mimi nikiwa juu ya ngazi nahesabu marobota.