Rangi za Ndani: Usianze na Ukuta

Kazi yangu ni kushona mapazia, na mshona mapazia huingia nyumba za watu mpaka vyumbani. Napima dirisha, natazama sakafu, napitisha mkono ukutani, na kabla sijakunja futi yangu naulizwa: "Haya, na ukuta tuupake rangi gani?" Nimeulizwa hivyo hapa Unguja, Kikwajuni, Fuoni, Mwanakwerekwe, na hata Wete kule Pemba nilikokwenda kwa harusi wala sikwenda kikazi. Jawabu langu huwa halipendezi sana: ukuta uwe wa mwisho. Kwanza tujue jua linaingilia wapi, sakafu ni ya rangi gani, na nani anakaa chumba hicho akifanya nini. Kopo la rangi linunuliwe baada ya hapo.

Wengi huanza kinyume. Mtu ameona kwenye simu sebule ya kijivu, makochi ya kijivu, zulia la kijivu, naye anaitaka ile ile Kiembesamaki. Sebule ile imepigwa picha mbele ya dirisha la kioo la ukuta mzima. Chumba chetu kina dirisha lenye nondo, wavu wa mbu na upenu mbele yake. Ukipaka kijivu kile humu ndani, mgeni atadhani fundi kapiga lipu akaenda zake.

Na ushauri unaokuja na picha hizo nao ni wa huko huko. Utasoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na giza, kwa hiyo kipakwe rangi ya joto. Kwa mtu wa London ni kweli kabisa. Sisi Unguja tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5. Kwetu jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, na Juni ndipo linapoinama zaidi huko. Miezi iliyobaki, ya vuli na kaskazi, linahamia kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hapa kwetu ndilo lenye jua sehemu kubwa ya mwaka, na ukifuata kitabu cha Muingereza utakuwa umekipasha moto chumba ambacho tayari kina moto.

Lakini pande hizo mbili si tatizo kubwa, maana jua la mchana kwetu liko juu mno na upenu unatosha kulizuia. Tatizo ni magharibi. Baada ya alasiri jua linaingia likiwa chini, la rangi ya machungwa, na linafika mpaka mlango wa pili. Chumba cha namna hiyo usikipake njano wala rangi ya embe. Jua lenyewe linaileta kila jioni bila ya malipo. Mimi humwambia mwenye nyumba achukue nyeupe iliyotiwa buluu kidogo, au kijani hafifu sana. Chumba cha mashariki ni kinyume: asubuhi kinang'aa, ikipita saa sita kinapoa na kufifia, na hapo rangi ya maziwa au njano changa ndiyo inayokiamsha.

Kisha tazama chini. Nyumba nyingi za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na za shamba bado zina sakafu ya saruji nyekundu, ile inayosuguliwa mpaka unajiona. Naipenda sana, na siku hizi watu wanaifunika kwa vigae bila ya sababu. Ila ina tabia moja: mwanga unaopiga sakafuni unapanda ukutani na wekundu wake. Mama mmoja wa Jang'ombe nilimkuta anamgombeza fundi, kwamba yeye kanunua nyeupe na ukutani imetoka waridi, basi fundi kachanganya makopo. Fundi anaapa. Nikachukua shuka nyeupe kitandani nikaitandika sakafuni mbele ya dirisha. Ukuta ule ule, palepale, ukarudi weupe. Nikaikunja shuka, waridi likapanda tena. Mama akacheka, fundi akalipwa chake.

Ukiwa na sakafu nyekundu, basi, usishindane nayo kwa nyeupe yenye ubuluu, kwa sababu itageuka urujuani na hukuitaka urujuani. Chukua rangi ya maziwa, ikubaliane na wekundu, au tandika mkeka mkubwa mbele ya dirisha. Mkeka wa ukindu ambao haujatiwa rangi unatosha kabisa, na hata ule wenye mistari ya rangi hauna vurugu ya sakafu tupu. Jambo hili hili hutokea kwa mwembe ulio karibu na dirisha: majani yanatia ukijani ndani, na watu waliokaa kwenye kochi wanaonekana wagonjwa. Dawa yake ni ukuta wenye joto kidogo. Mti usiukate.

Wanaokaa Mji Mkongwe wana habari nyengine tena. Nyumba zile, ambazo mji wake uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya masika na kuyatoa taratibu kiangazi. Ukiupaka rangi ya mafuta umeuziba pumzi. Maji yaliyo ndani yanatafuta njia, rangi inafanya malengelenge, chumvi inatoka nje unga mweupe, na mwisho lipu inaanguka vipande vipande. Nimeona watu wanapaka juu yake tena na tena, kila mwaka wanalaumu kampuni ya rangi. Ukuta wa chokaa upakwe chokaa. Wazee walitia nili kidogo ndani ya chokaa ikatoka buluu ya maji, au wakatia rangi ya udongo ikatoka njano ya kukauka. Lakini si kila rangi inavumilia chokaa, kwa sababu chokaa ni kali na nyengine inaziua. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ukuta nyuma ya mlango, ungoje ikauke. Ikiwa unagusa na ukuta wa nje, pitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla hujaita fundi.

Vyumba vile ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Mwanga unaingia upande mmoja na kufa kabla haujafika mwisho. Ndiyo maana kuta nyingi za ndani zilikuwa nyeupe, na rangi ikawekwa kwenye vitu: sahani za kaure ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zulia, mito, kasha lenye misumari ya shaba. Nenda kaitazame Dispensari ya Zamani pale Mizingani, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa fedha za Tharia Topan. Ukuta umepauka, lakini roshani zake za mbao zilizonakshiwa ni za kijani, na juu kuna vioo vya rangi. Rangi ipo tele, nayo imekaa kwenye mbao na kioo. Huo ndio mpango ninaoupenda mimi hata kwenye nyumba ya matofali ya juzi: ukuta upokee mwanga, rangi iwe kwenye kitu unachoweza kukiondoa ukikichoka.

Sasa maana ya rangi, maana najua ndiyo wengi mliyoifuata hapa. Zinazunguka jedwali kwamba nyekundu inaleta hamu ya kula, buluu inatuliza, njano inafurahisha. Mimi siziamini sana. Mwaka 1979 kule Seattle, Marekani, mtafiti mmoja, Alexander Schauss, alifanya chumba cha mahabusu cha jeshi la majini kipakwe waridi, ikasemwa kwamba wafungwa wakali wanapoa ndani ya dakika chache. Magereza kadhaa yakaiga. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa uangalifu zaidi hayakuona kitu. Kwa hiyo mtu akikuuzia rangi ya "kuleta utulivu kwa watoto", mwambie aipake kwake kwanza.

Maana zipo, lakini zinatoka kwa watu. Nyeupe kwetu ni kanzu ya Ijumaa, na nyeupe hiyo hiyo ni sanda. Bibi mmoja niliyemshonea mapazia alikataa kabisa chumba cheupe chenye shuka nyeupe na chandarua cheupe: "Mwanangu, mimi bado sijaitwa." Tukamtilia mito ya damu ya mzee na pazia la kijani, akaridhika. Kijani ni rangi ya dini kwa wengi wetu, lakini ukikiweka pamoja na njano, sebule inakuwa tawi la CCM. Zambarau nayo hivi sasa ni ACT-Wazalendo. Usicheke, nina wateja waliobadilisha pazia karibu na uchaguzi ili mgeni asianze kuhesabu kura mlangoni. Mimi sina ushauri wa siasa, nasema tu kwamba kama unazipenda rangi hizo, zivunje kwa rangi ya tatu na hakuna atakayeuliza.

Nyekundu ni ya bi harusi. Kisutu, kanga yake, kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na chumba cha harusi bila ya wekundu mama watu watasema kimepoa. Sawa, lakini itie kitandani na kwenye mito. Wiki ya harusi ikipita, wale wawili wanakaa mle miaka, na ukuta mwekundu unakula mwanga wote. Tena pazia jekundu lisilo na bitana jua likilipiga linawafanya watu wote nyuso nyekundu, na nguo huwezi kuijua rangi yake. Hapo ndipo nilipo mimi: weka bitana ya maziwa nyuma. Inazuia rangi isimwagike chumbani, na inalinda kitambaa, kwa sababu nyekundu na zambarau ndizo zinazopauka upesi kwa jua letu.

Katika chumba cha kulala watu husahau chandarua. Ndicho kitambaa kikubwa kuliko vyote mle ndani, kikubwa kuliko pazia na shuka, na mchana kinaning'inia katikati ya chumba. Chandarua cha buluu iliyokoza hukitia giza chumba ambacho umekipaka kwa gharama. Ukiweza kuchagua, chagua cheupe au cha maziwa.

Kuchagua kitambaa au rangi dukani kuna shida ya taa. Maduka mengi ya Darajani yana taa nyeupe kali, na nyumbani wengine wana taa ya njano. Kwenye boksi la taa ya LED kumeandikwa namba: 6500K ni ile nyeupe yenye ubuluu, 3000K ni ya njano. Chini ya ile ya kwanza rangi ya maziwa inapauka. Chini ya hii ya pili buluu inakuwa kama imeingia vumbi. Omba kipande, toka nacho mpaka uchochoroni ukione kwa jua, kisha kipeleke nyumbani ukikitazame usiku. Na kadi ya rangi usiiamini peke yake. Kuta nne zinapigana mwanga zenyewe kwa zenyewe, hivyo rangi huongezeka nguvu. Unayoipenda kwenye kadi, chukua iliyo hafifu kwa daraja moja. Au bora zaidi, paka kipande cha ubao, kihamishe ukuta hadi ukuta asubuhi, alasiri na usiku.

Nitetee na ule ukanda wa chini wa rangi ya mafuta, ambao vijana wanauondoa wakisema ni wa skuli na hospitali. Mahali penye udongo mwekundu, na watoto wanaingia miguu mitupu, bila ya ukanda ule ukuta haumalizi mwezi. Na si watoto tu. Tunakaa chini sisi, tunaegemea ukuta, na mafuta ya nazi ya nywele yanaacha duara pale pale kila siku. Mtu aliyekaa chini kichwa chake hakifiki mita moja; ndiyo maana mafundi wa zamani waliupandisha ukanda mpaka mita moja. Kinachouharibu ni rangi mbili zisizojuana, kijani juu na kahawia chini. Chukua rangi ya juu, iongeze ukolevu kidogo, ndiyo iwe ya chini, na ukanda wenyewe hutauona. Hii ni kwa nyumba za matofali na saruji. Ukuta wa chokaa uachwe na chokaa yake.

Juu ya wakati: tunapaka rangi kwa ajili ya Idi, mvua inyeshe isinyeshe. Idi el-Fitri ya mwaka 2023 iliangukia Aprili, masika matupu, na kuta zilipakwa zikiwa na maji. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka inayokuja inaingia kwenye kaskazi, na mafundi wa rangi watapumua. Lipu mpya ya saruji ipe wiki nne kabla ya rangi, hata kama wageni wa harusi wameshapanda boti.

Nunua rangi yote ya chumba mara moja, kisha fundi ayamimine makopo yote kwenye ndoo kubwa na kuchanganya kabla ya kuanza, kwani makopo mawili ya rangi moja hayafanani sawasawa. Itakayobaki itie kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Andika namba ya rangi, chumba na mwaka kwenye chupa yenyewe, kwa kalamu ya wino usiofutika, maana karatasi ya kubandika hutoka.