Maswali yenu ya barabarani: Mchoreeni kwanza anayevuka

*Shikamoo mzee. Nauza chai na vitumbua Mwenge, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wateja wangu wengi ni abiria wa daladala, wanashuka mbele ya meza yangu kabisa. Sasa mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yao peke yao, unakuja, na tunaambiwa vituo vitakaa katikati ya barabara. Kwa nini njia ya mabasi isipite huku pembeni waliko watu? Na huyo abiria aliyeshukia katikati atanifikia vipi?*
— Mama Zuhura, Dar es Salaam

Marahaba, Mama Zuhura. Umeuliza mawili kwa mkupuo, na hilo la pili ndilo zito. Nianze na jepesi.

Njia ya pembeni inaliwa na kila mtu. Kesho ukishawasha jiko, tazama mita 100 tu za ukingo wa barabara hapo ulipo: geti la sheli, kona ya kuingia mtaani, bodaboda zinasubiri abiria, kirikuu kinashusha kreti za soda, mwenye gari dogo anakata kushoto kwenda benki. Kila mmoja ana haja yake ya dakika moja. Lakini basi refu la mita 18 linabeba watu kama 150, na dakika hiyo moja wanaisubiri wote. Katikati ya barabara hakuna mageti wala maduka. Kuna makutano tu, na makutano yana taa au askari. Ndiyo sababu Curitiba kule Brazil, waliotutangulia wote mwaka 1974, walipitisha mabasi katikati. Bogotá kule Kolombia wakafuata mwaka 2000. Sisi tukafanya vilevile Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kivukoni, mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Kwa hilo wachoraji wa barabara hiyo wako sahihi, na nakuomba usipoteze nguvu kulipinga.

Nguvu zako ziweke kwenye swali la pili.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuhesabu. Unapewa kigoda, fomu na penseli, unakaa kando ya barabara kuanzia saa 12 asubuhi, unachora vijiti vitano vitano: koasta, hiace, lori, gari dogo. Siku moja nilikuwa Manzese, karibu na daraja la waenda kwa miguu. Akaja mama na ndoo ya samaki kichwani, maji ya barafu yanamchuruzika shingoni. Akasimama chini ya ngazi, akazitazama. Akatazama magari. Akazitazama ngazi tena, kisha akajifunga khanga vizuri, akaingia barabarani, mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine ameunyoosha kuyazuia magari. Kwenye fomu yangu hapakuwa na safu ya mtu kama yeye, kwa hiyo nikaandika pembeni: "mama, 1". Baada yake wakaja watoto wa shule, mzee mwenye bakora, kijana na toroli la maji. Kufika saa 6 mchana ukingo wa karatasi ulikuwa umejaa wima na ulalo. Msimamizi wangu alipoipokea aliniambia nimechafua fomu. Mpaka leo naamini ule ukingo ndio uliokuwa na habari ya barabara ile.

Nakueleza haya kwa sababu kituo kikikaa katikati, hakuna abiria asiyevuka. Kila anayepanda amevuka, kila anayeshuka atavuka. Basi kivuko ni sehemu ya kituo kama lilivyo paa lake, na kichorwe kabla ya paa. Daraja la juu pekee halitoshi; mwenye ndoo, mjamzito na mwenye gongo watapita chini hata ukijenga ngazi za marumaru. Panahitajika kivuko cha chini, chenye taa, kilichoinuliwa kama tuta ili gari lipunguze mwendo lenyewe, na taa ya kijani impe mtu muda wa kufika. Njia mbili za magari ni kama mita 7. Bibi anayekwenda mita moja kwa sekunde anataka sekunde 7 tangu anyanyue mguu, na kabla ya hapo ana zake mbili tatu za kuhakikisha magari yamesimama kweli. Mpe sekunde 5 na umemwacha barabarani.

Biashara yako sasa haitafuata mlango wa daladala, itafuata kivuko. Fanya hivi: chukua daftari la mwanao, asubuhi tatu mfululizo, saa 12 hadi saa 2, andika watu wangapi wanavuka hapo, wanavukia wapi hasa, na wamebeba nini. Daftari hilo lipeleke kwa mtendaji wa kata, na siku wataalamu watakapoitisha kikao cha wananchi ulisome kwa sauti. Nimekaa kwenye vikao hivyo upande wa meza kuu. Mtu akilalamika, anaandikwa "malalamiko". Mtu akija na hesabu, mchoraji anafungua ramani.

Jambo la mwisho kwako, maana najua meza yako na banda lako haviko mbali na barabara. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipeleka hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Jirani akikuambia "wote tutalipwa", usimsikilize kabla hujapima kwa futi kamba uone kama uko ndani ya hifadhi.

*Mzee shikamoo. Mimi ni dereva wa koasta. Ile njia ya mwendokasi unaikuta tupu dakika kumi nzima, sisi tumebanana kwenye foleni na abiria wanatutukana. Kwa nini turuhusiwe kuitazama tu?*
— Dereva, Mbagala

Marahaba, kijana wangu. Hasira yako naielewa, na dakika kumi za utupu ni kosa kweli. Ila kosa haliko kwenye njia. Mabasi yamepungua.

Piga hesabu nami. Basi la watu 150 likipita kila dakika 2, ni mabasi 30 kwa saa, watu 4,500 kwa upande mmoja. Likipita kila dakika 10, ni mabasi 6, watu 900. Zege ni lilelile na gharama ni ileile, walioachwa kituoni ni 3,600. Kwa hiyo anayepanga mwendokasi akakuonyesha kilomita bila kukuonyesha idadi ya mabasi, amekuonyesha nusu ya mpango. Barabara ya Morogoro ilianza na mabasi 140, na mji haukukoma kukua siku ile.

Koasta yako ikiingia mle, mlango wako uko kushoto. Kituo kiko kulia, sakafu yake imeinuliwa kufikia mlango wa basi. Utamshusha abiria wapi? Upande wa kushoto, kwenye magari yanayokimbia. Halafu konda wako anakusanya nauli ndani: abiria 30, kila mmoja sekunde 3 za kutafuta chenji, ni dakika nzima na nusu umeziba njia, na basi la watu 150 liko nyuma yako. Mle abiria amelipia nje, milango inafunguka yote kwa pamoja, basi linaondoka.

Mahali penu ninapapigania ni kulisha mwendokasi, yaani kuwaleta abiria kutoka mitaani hadi vituoni. Mtu wa Chamazi au Kongowe hafiki kituo kikuu kwa miguu. Njia hizo za ndani mnazijua ninyi kuliko mtaalamu yeyote, na mpango wowote unaowaondoa barabara kuu bila kuwapa njia hizo kwa mkataba wa maandishi umewadhulumu. Pitieni kwenye chama chenu, mdai mkataba sasa.

*Kwa nini mvua kubwa ikinyesha mwendokasi unakatika Jangwani?*
— Msomaji, Magomeni

Kwa sababu Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, na yadi ya mabasi nayo iliwekwa mlemle bondeni. Mto ukijaa, barabara inafungwa, na mabasi yaliyolala yadini yanaingiwa maji. Dawa yake ni daraja refu la kuacha mto upite chini, na yadi kuhamia mlimani. Bonde halihamishiki.

*Salamu kutoka Roysambu, Nairobi. Mwaka 2018 walipaka mstari mwekundu Thika Road, tukaambiwa ni njia ya mabasi ya kasi. Hata njia zenyewe zilipewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Mstari ulipauka, basi hatukuliona. Je, rangi haitoshi kuanzia?*
— Msomaji, Nairobi

Salamu zimefika. Rangi inatosha kuanzia, ikiwa mabasi yanakuja wiki hiyohiyo na askari yupo. Bila hayo, rangi inamfundisha dereva wa matatu kwamba mstari hauna maana, na siku mabasi yatakapofika kweli itabidi afundishwe upya.

Thika Road ina jambo moja gumu kuliko letu: imejengwa kama barabara ya kasi, na ya katikati ndiyo magari yanayokimbia zaidi. Kituo kikiwekwa pale, mtu wa Roysambu hawezi kuvuka kwa chini, atahitaji daraja. Basi ulizieni mteremko badala ya ngazi, tena mteremko ambao mama mwenye kiroba cha viazi anaupanda bila kupumzika njiani. Ukiuona mchoro, tafuta huo mteremko kwanza. Usipouona, niandikie tena, unitumie na picha ya mchoro.