Re: Binti yangu anachezewa rafu, nimwambie arudishie?

Pole sana dada. Umesema wa kwako ana miaka 13, anavutwa nywele na kupigwa viwiko na kocha anakwambia "mpira sio mdako". Nafundisha timu ya mabinti wa umri huo na hapo kwa kweli nampinga kocha wenu.

Usimwambie arudishie. Refa mara nyingi anamuona wa pili, yule wa kwanza keshaficha mkono, alafu mwanao ndo anakula nyekundu na kulia njia nzima.

Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo, iko wazi, faulo ya uzembe tu haina kadi, ukicheza bila kujali usalama wa mwenzio ni njano, ukitumia nguvu kupita kiasi ni nyekundu, na hakuna palipoandikwa kwamba mabinti wavumilie. Bega kwa bega mpira ukiwa karibu ruksa, hilo azoee, na shingadi (kinga ya ugoko) asikose maana mimi nilishamvua soksi mtoto nikakuta alama za njumu kwenye ugoko zimevimba mistari mitatu, na alikuwa hajasema kitu!

Kocha aongee na refa kabla ya mechi, wewe usipige kelele pembeni. Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania ya mabinti chini ya miaka 17, 2022 walifika robo fainali Kombe la Dunia la umri huo kule India, wale nao walianzia viwanja vya vumbi kama hivyo, sasa mtoto akiacha mpira kwa woga inaniuma sana. Anacheza namba ngapi?