Gari la Ubelgiji, pleti za Ujerumani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwezi Januari tulihamia Ujerumani kikazi kutoka Liège, Ubelgiji, mimi, mke wangu na gari letu, Renault Kangoo ya mwaka 2014. Nilikwenda kulisajili huku nikarudishwa: kadi ya gari ninayo, lakini CoC, cheti cha kiwanda, sina, aliyeniuzia hakunipa. Rafiki yangu mmoja anasema nina mwaka mzima wa kutembelea pleti za Ubelgiji, nisihangaike. Mwingine anasema nirudishe pleti kwanza ndipo nianze huku. Nimsikilize yupi?
Msomaji, magharibi mwa Ujerumani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja.

Mwaka huo ni wa mgeni anayepita. Wewe umepanga nyumba, unafanya kazi, na gari linalala Ujerumani. Linatakiwa kusajiliwa huku bila kukawia. Kinachonitia hofu zaidi ni bima. Kampuni ya Ubelgiji inajua gari lako liko Liège. Wapigie leo, waambie umehama, uwaulize kama bima bado inakulinda mpaka usajili ukamilike. Ajali haisubiri makaratasi.

Na pleti, tafadhali, usiirudishe sasa. Ubelgiji pleti ni ya mtu, si ya gari. Ukishairudisha, usajili unafutwa na Kangoo yako haiwezi kuendeshwa barabarani hata kwenda kwenye ukaguzi.

Sasa CoC. Hiki ni cheti cha kiwanda kinachothibitisha kwamba gari lenye namba yako ya chesi limetengenezwa kwa viwango vya Umoja wa Ulaya. Kabla hujatoa hata senti, chukua kadi yako uisome taratibu. Herufi zinazotangulia kila kipengele zinafanana katika nchi zote za Umoja. E ni namba ya chesi, yenye herufi na tarakimu 17. B ni tarehe ya usajili wa kwanza. K ni namba ya idhini ya aina ya gari, na hiyo ndiyo ninayotaka uitazame. Ikianza na e2, idhini ilitolewa Ufaransa. Piga simu ofisi ya usajili, uwasomee namba hiyo, uwaulize kama inawatosha. Wakikataa, omba CoC mpya kwa Renault wenyewe, ukiambatanisha nakala ya kadi na kitambulisho. Utalipia, lakini utakuwa na karatasi halali. Jihadhari na wanaokutumia ofa za CoC za bei poa kwenye simu. Karani akiikataa, fedha yako imekwenda. K ikiwa tupu, itabidi mtaalamu wa TÜV au DEKRA, mashirika ya ukaguzi wa magari, alikague gari zima na kuliandikia ripoti, nayo ina gharama zaidi.

Kadi ya Ubelgiji ina sehemu mbili, moja hukaa garini na nyingine nyumbani. Itafuteni ya pili, wataiuliza. Chukua pia mkataba wa mauzo, pasipoti, karatasi ya kuandikisha makazi, na namba ya eVB, yaani uthibitisho wa bima, ambayo kampuni ya bima ya Ujerumani itakupa. Cheti cha ukaguzi wa Ubelgiji usikiache: sheria ya Umoja inataka kitambuliwe kama bado kiko ndani ya muda wa Ujerumani, yaani miaka 2 kwa gari kama lako. Wakiwa na shaka wanaweza kuhakiki uhalali wake kabla ya kukitambua.

Kodi ya gari huku hukusanywa na forodha, kwa hiyo utasaini fomu ya kuwaruhusu wakate benki.

Siku ya kusajili nenda na pleti zako. Ile ya mbele ni nakala uliyochongesha dukani. Ya nyuma ndiyo ya serikali. Karani akiibakiza, dai risiti. Akikurudishia, ipeleke posta Ubelgiji, uchukue uthibitisho, na nakala yake umtumie wakala wako wa bima wa Liège ili mkataba wa zamani ufungwe.