Jibu: Presha ya mama hupanda akikasirika, akisimama anaona giza

Mkuu, umeuliza kwa nini mama mwenye kisukari hupanda presha akikasirika, lakini akiinuka ghafla kitandani anaona giza.

Hasira humwaga adrenalini na noradrenalini, kemikali za mwili zinazobana mishipa ya damu. Kwa kawaida utando wa ndani wa mshipa hujibu kwa kutoa nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa. Sukari ya miaka mingi huuchakaza utando huo, breki zinalika, mshipa unabana kupita kiasi.

Lile giza mara nyingi ni kesi nyingine kabisa: neva (nyuzi za fahamu) za kumwaga noradrenalini kwenye mishipa ya miguu zimeharibika, damu inabaki chini na presha inashuka akisimama. Apimwe presha amelala, kisha dakika ya 1 na ya 3 akiwa amesimama. Na asijipunguzie dawa, tafadhali. Wazee wetu wanapenda hilo!