Kanuni za Kemikali Huanzia Stooni

Nauza rangi, thina, asidi na klorini ya mabwawa ya kuogelea mjini Lamu, na kila kanuni za kemikali hatari ziliporekebishwa nilikuwa nikikimbilia karatasi kabla ya kuingia stooni. Safari moja nilimkabidhi mkaguzi faili nono; alilipekua kidogo, akalifunga, akaomba tuende stoo. Nusu ya karatasi zile zilihusu bidhaa nilizokwisha kuacha kuziuza, ilhali rafuni mlikuwa na madumu matano yasiyo na karatasi hata moja.

Kwa hiyo nakushauri uanze kwa kuhesabu. Andika jina la kila kemikali kama lilivyo kwenye kibandiko, si kama mafundi wanavyoiita, pamoja na kiasi chake na mahali ilipowekwa. Hapo ndipo usome kanuni zenyewe, ukianzia tafsiri ya maneno na majedwali ya mwisho, maana huko ndiko utakakojua kama bidhaa yako imeguswa. Muhtasari unaozungushwa kwenye simu usiutegemee.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka msambazaji wa kemikali hatari atoe karatasi ya usalama, yaani maelezo ya hatari za kemikali hiyo na namna ya kuitunza, basi idai kabla hujalipa. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea vibandiko, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, karatasi hiyo ina sehemu 16. Sehemu ya 10, inayoeleza kemikali isichopaswa kukutana nacho, ndiyo iliyonishtua: klorini ya unga ikichanganyika na asidi hutoa gesi inayodhuru mapafu, nami nilikuwa nimeziweka rafu moja kwa kuwa zote mbili hununuliwa na wenye mabwawa wa Shela. Sasa kila moja ina chumba chake, na hata kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, huzivusha kwa safari mbili, ingawa nahodha hunung'unika.

Lililonishinda kwa muda mrefu ni rejareja. Mteja huja na chupa ya maji ya kunywa akitaka nusu lita ya thina, na mimi nilimpimia, mpaka siku kijana wangu wa dukani alipoinua chupa ya namna hiyo kuinywa, akaokolewa na harufu. Tangu hapo nauza kopo lililofungwa, au chombo changu chenye kibandiko cha jina, alama ya hatari na onyo la Kiswahili. Baadhi ya wateja wamenihama. Mafundi wa majahazi hunitania kwamba deheni ya wazee, ile ya mafuta na chokaa ya kupaka vyombo, haikuwa na kibandiko. Nami huwajibu kuwa hata chokaa hiyo huunguza macho.

Makopo matupu na kemikali zilizoharibika usizitupe baharini wala kuzichoma, kwani taka hatari hubebwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, peke yake. Kwa sisi wa kisiwani gharama yake si ndogo, hivyo wenye maduka jirani hupanga siku moja ya kuziondosha, na mwenye madumu mengi huchangia zaidi.