Nilifutwa kazi Jumapili, na bado nakwambia njoo ufundishe laini

Juzi kijana mmoja Mkenya anayeishi Texas amenitumia meseji, anasema amemaliza kucheza futiboli ya Kimarekani ya chuo na anataka kuwa kocha wa laini ya ulinzi kama mimi, wale wazito wa mbele wanaomvamia mrusha mpira wa wapinzani, nimwambie aanzie wapi. Nikacheka peke yangu, maana hiyo kazi anayoitamani nilikuwa nimenyang'anywa msimu uliopita.

Ilikuwa Jumapili, siku moja tu baada ya mechi ya mwisho. Kocha mkuu kaitwa ofisini asubuhi, saa sita habari ziko kwa simu ya kila mtu, na huku Marekani kocha mkuu akifukuzwa wasaidizi mara nyingi tunazolewa naye. Saa nane nikaenda kuchukua viatu vyangu, kadi ikakataa kufungua mlango. Nikapigia mlinzi simu nikiwa nje kwa baridi. Na laini yangu mwaka huo ilikuwa inatisha, wacha niseme tu, makwotabeki, hao warushaji wenyewe, walikuwa wanatupa mpira kabla hawajafikiria. Hakuna aliyeniuliza hilo.

Mimi nilikuja huku na mwili wa prop, yule mzito wa mstari wa mbele, wa raga ya Nakuru. Daniel Adongo alipotoka kwa raga akaingia Indianapolis Colts, timu ya NFL, ligi kubwa ya kulipwa, 2013 bila kucheza futiboli ya chuo hata siku moja, sisi wote tulijiona tumefika. Sikuwa Adongo. Nilikalia benchi mpaka kocha akaniambia macho yangu ni mazuri kuliko miguu yangu, akanipa kazi ya msaidizi mwanafunzi: chuo kinakulipia karo ya masters na posho kidogo, wewe unakata video usiku, unachora michezo ya wapinzani kwa kadi, unaenda kupokea vijana eapoti. Miaka hiyo nairuka, ilikuwa kahawa na usingizi wa gari.

Sasa kijana, sikiliza. Jifunze mikono na miguu kabla ya michoro. Siku ya kwanza niliyopewa vijana wangu niliwajazia ubao mishale, mechi ikaanza wakaruka mapema mara tatu, kabla mpira haujasogea, kwa sababu kwotabeki wa wapinzani alikuwa anapaza sauti kuwadanganya, adhabu ya yadi 5 kila mara, mimi nimesimama pale kama nguzo. Nikafunga mpira kwenye fimbo. Nikawa napiga kelele zote za dunia na hakuna kuondoka mpaka fimbo isogee. Hatua ya kwanza fupi, inchi 6 hivi, mikono ndani ya kifua cha gadi, yule mpinzani anayekuzuia mbele, dole gumba juu. Mwezi mzima tulifanya hilo mpaka wakanichukia, na kosa lile likaisha.

Pili, mikono na miguu. Nimesema tayari? Narudia, kwa sababu kila kijana anayenitumia meseji anataka niongelee skimu, yaani mipango ya mchezo kwa ubao.

Tatu, watu wa kukupigia simu kazi ikitokea. Kila Januari kuna kongamano la AFCA, chama cha makocha wa futiboli Marekani, na kazi nyingi watu wanazitafutia kwa lobi ya hoteli. Mimi nililala chumba kimoja na makocha wenzangu watatu na sikupata kitu, jamaa niliyemsaidia na video zangu miaka yote akapita akijifanya anaongea na simu. Hiyo bado inaniuma. Lakini wewe usiwe hivyo, ukipata kiti mkumbuke mwenzako, nyinyi vijana mnasahau haraka sana.

Na usiniambie umechelewa. Larry Johnson alifundisha shule za sekondari miaka mingi kabla chuo cha Penn State hakijamchukua 1996 kufundisha laini ya ulinzi. Wakampita kwa ukocha mkuu 2014, akaenda chuo cha Ohio State, na kule amewapitisha Joey Bosa, Nick Bosa na Chase Young, wote watatu wakachaguliwa katika namba 3 za kwanza za drafti, pale timu za NFL zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Akabaki kocha wa laini. Mtu akikuuliza utakuwa kocha mkuu lini, mwonyeshe huyo mzee.

Mimi kwa sasa nimepata shule ya sekondari, vijana 14 na sledi moja ya kusukuma mazoezini, yenye kutu. Fimbo nimebeba. Wewe wa Texas nitumie video yako ukifundisha mtu mwingine, si ukicheza, na usitume Ijumaa, tuna mechi.